Subaru ya Ng'ombe Wawili

Kijiwe cha Makandana hakimo kwenye ramani, lakini yeyote anayepita na mkungu wa ndizi kichwani atakuonyesha kwa mdomo: pale kwenye bati la Sekela muuza kahawa, panapotoka moshi kwenye bomba la chuma linalong'aa kuliko kibanda chenyewe. Bomba hilo lilikuwa eksozi ya Subaru. Na benchi la pale, laini, lenye mgongo, lililofunikwa kitenge kilichopauka, lilikuwa siti ya nyuma ya Subaru hiyohiyo, imepigiliwa misumari ya inchi nne juu ya magogo mawili ya mkaratusi. Inatosha watu watatu, na watatu hao wana hatimiliki isiyoandikwa popote. Katikati hukaa Mzee Ambindwile, dereva mstaafu wa lori la majani ya chai, ambaye tangu siti ile ifike anaitwa Malafyale, yaani chifu. Kulia kwake ni Asukile, fundi aliyejifunza ufundi kwenye simu, jina lake Dokta. Kushoto ni Jacob, aliyeishi Afrika Kusini miezi michache akarudi na koti la ngozi na jina la Sauzi. Mwenye gari, Lutufyo, wanayemwita Digrii, hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mvua ya Tukuyu ikinyesha kwa kupinda, inaanza na mwenye ndoo.

Asubuhi hiyo Digrii alifika kabla kahawa haijachemka. Subaru aliiegesha kando ya barabara, imeoshwa, bluu yake inauma macho. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima: naomba siti. Alfajiri alikuwa amepokea ujumbe kutoka kwa mnunuzi, dada mmoja wa Mbeya anayeitwa Winfrida, ambaye kazi yake ni kununua magari na kuyauza. Ulikuwa ujumbe mfupi kama hukumu. Nakuja leo. Hakikisha vitu vyake vya kwanza vipo, hasa siti ya nyuma na eksozi.

Aliusoma akiwa bandani, maana Subaru hulala kwenye banda la ng'ombe. Na banda lina nafasi kwa sababu ng'ombe hawamo.

Ilikuwa hivi. Mjomba wake Ackson, alipohamishiwa Dodoma, alimwachia gari likiwa vilevile lilivyoshuka kutoka Japani. Akamwambia uza, upate mtaji, na mama yako umkumbuke. Mjinga yeyote angeliuza wiki ileile. Lakini Lutufyo hakuwa mjinga yeyote, alikuwa mjinga mwenye digrii ya biashara, upper second, cheti kimewekwa laminesheni kisioze na unyevu wa Rungwe, pamoja na rundo la maombi ya kazi ambayo yote yalijibiwa kwa neno moja, tutakujulisha. Nchi nzima inasubiri kujulishwa. Nadhani tutajulishwa wote kwa pamoja, siku ya parapanda. Chuoni walimfundisha mengi, ila lililobaki kichwani ni value addition, kuongeza thamani. Usiuze ndizi, uza unga wa ndizi. Usiuze majani ya chai, uza pakiti yenye picha ya mlima. Sasa kwa nini auze Subaru mbichi kama mpuuzi wa kijijini?

Akamshawishi mama yake, Elina, auze ng'ombe wake wawili wa maziwa, Sista na Pasaka. Sista alikuwa akimfuata mama mpaka mlango wa jikoni. Ng'ombe wakageuka turbo kubwa, springi fupi, siti mbili za mashindano na spoila, lile bawa la nyuma, unayoweza kuanikia ulezi. Na siti ya nyuma ikang'olewa, kupunguza uzito. Gari likiuzwa, alimwahidi, banda litajaa hadi ukose pa kushika kamba.

Kila kilichofunguliwa kikagawiwa. Hili mtu wa mbali anaweza kulishangaa, lakini Rungwe ng'ombe akichinjwa, aliyeshika kamba hapewi asante, anapewa nyama. Dokta alifungua bolti, Sauzi alishika tochi, Malafyale alitoa ushauri bila kuinuka, Sekela aliwapa kahawa ya bure, kwa hiyo kila mmoja alipata mgawo wake, na hakuna aliyeona ajabu. Siti ikaja kijiweni. Eksozi ikakatwa, ikawa bomba la jiko. Springi za mbele zinafunga lango la nguruwe wa Sauzi. Ringi nne ziko chini ya mkokoteni unaopeleka ndizi soko la Kyimo. Na nyama ya mgawo hairudishwi buchani. Huwezi kumgongea jirani ukamwambia, samahani, lile ini.

— Ugonile, Digrii, alimsalimu Malafyale kwa Kinyakyusa, akijiweka sawa katikati ya kitenge. Leo ndiyo leo.

— Nigonile, tata. Nilikuwa nataka...

— Usitake kwanza. Kunywa.

Akanywa. Kahawa ilimuunguza ulimi, lile neno likarudi tumboni.

Hapo ndipo walipoanza kupanga bei, na kwa kuwa kijiwe kile hakiamini noti, walipanga kwa ng'ombe. Dokta alifungua mnada. Kwake lilikuwa jambo la darasa la tatu: unachukua bei ya gari, unajumlisha turbo, unajumlisha springi, unajumlisha siti za mashindano, unajumlisha mikono ya fundi, na mikono ya fundi ndiyo ghali kuliko vyote. Alipata ng'ombe watano, wenye mimba.

— Bandu bandu humaliza gogo, alimalizia. Tumeongeza kidogo kidogo mpaka limekuwa gari la maana.

— Dokta, hiyo methali ni ya gogo kuisha, Digrii alimkumbusha.

— Ndiyo. Gogo liliisha, likawa gari.

Digrii alitaka kucheka, ikashindikana. Usiku kucha alikuwa akiperuzi mitandaoni, na kila alipogusa alikuta wimbo mmoja: gari lililochezewa linashuka bei, mnunuzi analiogopa, anajiuliza limekimbizwa kiasi gani na nani, na hela uliyotia humo hairudi hata nusu. Hakuna mhadhiri aliyewahi kumwambia kwamba thamani unayoiongeza kwa moyo wako wote inaweza kuhesabiwa na mwenzako kama kasoro. Pengine lilifundishwa siku ile alipokwenda kufuatilia bumu, hela ya mkopo wa chuo.

Sauzi naye hakutaka kupitwa. Alisimulia kwamba Johannesburg gari lenye mlio ule haliuzwi, linagombaniwa. Alimwona kwa macho yake mtu akibadilisha nyumba, bustani na mbwa wawili, kwa gari ambalo halikuwa hata na spoila. Kwa hiyo ng'ombe watano ni matusi. Yeye alisema kumi, na banda lao, na mtu wa kuwakatia majani.

Waliposema majani, Digrii aligeuza macho kuelekea bondeni kwao. Mama alikuwa ameshakata majani. Tangu jana alikuwa anafagia banda, gari likiwa bado ndani, akizunguka matairi kwa ufagio kama anayezunguka mgonjwa. Kule Suma, Mzee Anyitike alikuwa amemwekea mitamba miwili, na amesema anangoja mpaka leo jioni, baada ya hapo kuna mtu wa Busokelo anawataka. Mama hakuuliza kama gari litauzwa. Alichouliza ni kama ile kamba ya zamani ya Sista bado ina nguvu.

— Tata, hivi, Digrii alijaribu tena, akimtazama Malafyale magotini ili asimtazame usoni. Hiyo siti hamuioni imechoka?

— Hii? Malafyale aliipigapiga kwa kiganja. Hii ni kumbukumbu, mwanangu. Ukishakuwa tajiri, watoto watauliza mlianzia wapi, tutawaambia, hapa tulipoketi.

— Kabisa, akasema Sauzi. Hatuiachi.

Basi Digrii akainuka kama anayekwenda kuongeza kahawa, akamwinamia Sekela jikoni na kumnong'oneza kuhusu eksozi. Sekela hakunong'ona, ila sauti yake ilikuwa ya mtu wa jikoni, haivuki sufuria.

— Uliishika upande mmoja wakati Dokta anaikata. Umesahau?

— Sijasahau, dada.

— Kabla ya hili bomba nilikuwa nauza kahawa huku nalia. Watu wakadhani nimefiwa. Ukilitaka, lichukue, hata sasa hivi. Ila waambie wenyewe, kwa mdomo wako. Mimi sikusemei.

Akarudi kwenye ndoo yake. Miaka kumi na sita darasani, aliwaza, nchi imenifundisha kuandika business plan, kuandika CV, kuandika barua ya kuomba kazi ya kubeba barua za wenzangu. Sentensi ya maneno mawili, nirudishieni vitu, haikuwepo kwenye mtaala.

Wakati huo Malafyale alikuwa ameanza, na Malafyale akianza, wengine hushusha vikombe. Alisema wote wawili wanatazama gari na wala hawalisikilizi. Thamani iko kwenye sauti. Lile gari likipiga chafya karibu na kanisa, mchungaji husimamisha mahubiri, na mchungaji yule hajawahi kusimamishwa na kitu kingine, hata na kengele yake mwenyewe. Sasa dunia inakwenda kwenye magari ya umeme, yanayopita kimya kama paka mwenye dhambi. Watoto wa kesho hawatajua injini ililia vipi. Watakuja Wazungu na Wachina hapa Tukuyu, watapanga foleni kutoka Makandana mpaka stendi, walipe kusikia chafya moja. Kwa hiyo Digrii asiuze gari zima. Auze bodi, abaki na mlio, awe anaukodisha.

— Mlio unabakije bila gari, tata?

— Wewe ndiye msomi. Hilo ni la kwenu.

— Na ng'ombe wangapi hapo? Dokta aliuliza kwa heshima.

— Hapo hatusemi ng'ombe. Hapo tunasema malisho. Malafyale alinyoosha mkono kuelekea milima, ukungu ukiwa umeifunika yote, kwa hiyo ilikuwa ngumu kujua anagawa mlima gani. Chema chajiuza, akamalizia. Ndiyo maana tumekaa.

Digrii akasimama. Alisema:

— Wazee wangu, sikilizeni. Huyo mnunuzi...

— Huyo hapo, alisema Sekela.

Bajaji ilikuwa imesimama. Wale watatu walitegemea jamaa mwenye mkufu na miwani. Akashuka dada mwenye buti za mvua na mwavuli mweusi, akawasalimia mmoja mmoja kuanzia mkubwa, shikamoo yake imetulia, kisha akaenda moja kwa moja kwenye gari kama daktari aliyeitwa kwa kuchelewa. Alichuchumaa na kuangalia chini. Alipitisha kidole kwenye bampa, pale lilipokwanguliwa na mawe kwa sababu ya springi fupi. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa ameushika kwa muda, akitazama bati tupu mahali ambapo watu walipaswa kukaa. Akawasha. Subaru ikanguruma, ikapiga chafya yake, kuku wa jirani wakatawanyika. Dokta aliwakonyeza wenzake. Winfrida alizima, akashuka.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Malafyale, ambaye hajawahi kumpisha hata diwani, aliinuka, akawainua na wenzake kwa jicho, akaifuta siti kwa kiganja.

— Mgeni hasimami, mwanangu. Kaa hapa, katikati.

Winfrida akakaa. Alijiegemeza, akanyoosha miguu yenye buti, akapokea kahawa kwa mikono miwili, na kusema ni kweli Tukuyu wana makaribisho, hata benchi la kijiweni wamelifanya laini.

— Gari limeshikwa na watu wanaolipenda, alisema baada ya funda la pili. Dokta akainamisha kichwa kupokea sifa. Hilo linaonekana, Winfrida aliendelea. Lakini mteja wangu ana watoto, anataka awapeleke shule, na siku mojamoja akiwa peke yake akimbie kidogo. Yeye anataka Subaru. Hii ni Subaru na mawazo ya kaka Lutufyo juu yake. Mawazo ya mtu siwezi kuyauza, hata yakiwa mazuri.

— Tunaweza kupunguza, alisema Digrii.

— Sitaki upunguze. Bei yetu ya kwenye simu iko palepale, na leo naondoka nalo. Turbo mfungue mbaki nayo, spoila mbaki nayo. Nirudishieni vile vyake vya kwanza, basi. Nilikuandikia alfajiri, ukanijibu vipo.

Watatu wakageuka kumtazama mwenye ndoo. Ujumbe huo walikuwa hawaujui. Malafyale alirudisha macho taratibu kwenye kitenge, akatazama pale alipoketi mgeni, na Digrii akaona uso wa mzee ukifanya ile hesabu ya darasa la tatu, kwa kurudi nyuma: kutoka malisho, kwenye kumi, kwenye watano, hadi wawili.

— Tuanze na kimoja, akasema Winfrida. Siti ya nyuma iko wapi?

Sauzi alitazama mvua kama ndiyo iliyoulizwa. Dokta alikigeuza kikombe chake, akakisoma chini. Watu waliojua bei ya chafya walikuwa hawajui siti iko wapi. Sekela alichochea kuni, na moshi ukapanda kimyakimya kwenye eksozi, ukatokea juu ya bati, mbele ya macho ya wote. Na hata ambaye angethubutu kusema, angesemaje? Mgeni hainuliwi. Huyo Malafyale ndiye aliyewafundisha wote, tangu wakiwa wanalamba vidole. Umeshamkalisha mtu, umempa kikombe, halafu umwambie simama, ulichokalia ndicho ulichofuata?

Ndipo alipotokea Mama Elina, akipanda kutoka bondeni na mzigo wa majani kichwani, mbichi, yanadondosha maji hadi mabegani. Aliutua kando ya barabara. Alichuchumaa kidogo kumwamkia Malafyale kwa heshima za Kinyakyusa, kisha akampa mgeni mikono yote miwili na kumwambia ndaga, ndaga fijo, asante kwa kuja, njia ya mvua si rafiki. Hakuuliza yeye ni nani. Alikuwa ameona gari limeoshwa, ameona mgeni amekaa pazuri, ikamtosha. Akasimama pembeni, akingoja wanaume wamalize mambo yao.

Digrii alimtazama mama yake akibandua jani moja lililonata kwenye shavu. Akatoka kwenye ndoo.

— Dada Winfrida, alisema. Naomba uinuke.

Malafyale alifumba macho.

Winfrida aliinuka, kikombe mkononi, akidhani labda bati linavuja. Digrii akashika kitenge cha Sekela kwenye pembe moja, akakivuta. Siti ilikuwa na rangi yake bado, ile ya kijivu yenye uzi mwekundu, sawasawa na ilivyo kwenye picha za tangazo alilokutana nalo mjomba zamani. Lakini katikati, mahali pa Malafyale, ilikuwa imechanika, na sponji imechomoza, nyeusi kwa kahawa na mvua. Vichwa vya misumari vilikuwa vimeota kutu, kutu imeingia kwenye kitambaa, imetengeneza madoa mapana kama shilingi. Winfrida alipitisha kidole juu ya kichwa kimoja cha msumari, kama alivyofanya kwenye bampa. Kisha macho yake yakapanda, polepole, kutoka kwenye siti mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka kwenye bomba, na bomba mpaka juu linapotokea kwenye bati. Akaweka kikombe chini.

Mama Elina naye alitazama. Yeye aliona benchi. Aliona watu wazima wanalitazama benchi kama maiti, akafikiri ni mambo ya biashara, na mambo ya biashara Lutufyo ndiye aliyeyasomea.

— Lutu, alisema taratibu, asije akamkatiza mgeni. Anyitike amenipigia, anataka kujua. Wanaletwa kwa miguu au kwa gari? Kama ni kwa miguu, nikafungue lango mapema.

Mvua ikaongeza sauti juu ya bati. Sekela aliinamisha birika, yakatoka mashapo matupu, akaliweka kando. Malafyale ndiye aliyesogea wa kwanza. Alipiga magoti kwenye tope, yeye na umri wake wote, mbele ya siti iliyompa uchifu, akaushika msumari wa kwanza kwa vidole vitupu, akaanza kuuvuta.

Msumari haukutikisika.